Mume hakatazi, mjomba anakataa, na maji anachota binti yangu

BARUA

Shikamoo mama.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, nakusoma kwenye simu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu hapa kijijini ukisema neno jioni, asubuhi unalikuta bombani limekutangulia.

Nina miaka 41, ni Mmakonde wa huku Newala, mama wa watoto wanne. Nilimaliza kidato cha nne nikaolewa. Mume wangu ni fundi ujenzi, mtu mpole, katika miaka 19 ya ndoa hajawahi kuninyanyulia mkono. Aliponioa alihamia kwetu kama walivyofanya wazee, tukajenga kwenye kiwanja cha mama yangu. Mikorosho tunayo ya namna mbili. Ekari tatu nilipewa na mama, hizo ziko kwenye chama cha ushirika kwa jina langu. Ekari tano mume wangu alizifyeka na kuzipanda mwenyewe upande wa pili wa kijiji, hizo ziko kwa jina lake.

Kwa misimu mitatu nimekuwa karani wa mizani kwenye chama chetu cha msingi. Wewe unajua msimu ulivyo. Kuanzia Oktoba watu wanaleta korosho kwa baiskeli, kwa pikipiki, wengine kichwani. Napima, naandika, natoa risiti, jioni najumlisha. Gari la kupeleka mzigo ghala kuu likichelewa, na mimi nachelewa. Kuna siku narudi saa tatu usiku, kuna siku saa tano.

Msimu uliopita niliona hesabu haziendi. Kilo zilizotoka kwetu na zile zilizosomwa ghala kuu zilipishana kuliko kawaida. Viongozi wakasema ni unyaufu, korosho zimekauka njiani. Lakini mimi nilikuwa na daftari langu la pembeni, nimeandika kila gari. Kwenye mkutano mzee mmoja aliuliza, nikasimama nikalisoma daftari kwa sauti mpaka ukurasa wa mwisho. Sikumtukana mtu. Nilisoma tarehe na kilo tu. Baada ya wiki chache bodi ikajiuzulu.

Sasa wanachama wanataka nigombee uenyekiti. Walikuja nyumbani zaidi ya arobaini, wazee kwa vijana, wakakaa uwanjani mpaka kuku wakaingia kulala. Nikishinda, ukarani naacha na malipo yake yanakwisha. Mwenyekiti anapata posho ya vikao tu, na vikao ni vingi. Siku za mnada inabidi kusafiri, leo Tandahimba, wiki ijayo hapa Newala, na mara nyingine kuitwa Mtwara mjini.

Nilipomweleza mume wangu alisema, "Sikukatazi." Basi. Tangu siku hiyo haongezi wala hapunguzi. Msimu uliopita nikirudi usiku nilikuwa namkuta barazani gizani. Nikimsalimu anaitikia, nikimuuliza kama amekula anasema watoto wamekula. Yeye hajui kupika, tangu nimfahamu sijamwona akiinjika hata maji ya chai. Anapopata kazi ya ujenzi Masasi hukaa huko wiki mbili au tatu, akirudi nikimgusia habari za chama, jibu ni lile lile.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Alikuja na mkongojo wake, akakataa chai, akasema, "Wanawake wa ukoo huu wanaongoza unyago. Hawaongozi ghala. Mzigo ukipotea watamshika nani? Watakuja kwangu." Nikamwambia nchi nzima inaongozwa na mama tangu mwaka 2021. Akanijibu kwamba Rais ana walinzi, je, mimi ghalani usiku ninaye nani?

Mama yangu ni kungwi, watu wanamfuata kutoka vijiji vya mbali awachezee mabinti zao. Yeye hakusema ndiyo wala hapana. Aliniuliza tu, "Msimu ukianza, maji atachota nani?"

Swali hilo ndilo linaninyima usingizi, kwa kuwa jibu ninalo. Anachota binti yangu wa miaka 15. Bomba la karibu likitoa maji linatoa alfajiri, lisipotoa anakwenda mbali na madumu. Msimu uliopita yeye ndiye aliyepika, aliyemwogesha mdogo wake wa miaka minne na kumsimamia yule wa miaka tisa. Alikuwa kidato cha kwanza. Muhula wa kwanza alikuwa wa sita darasani, mwisho wa mwaka akawa wa thelathini na kitu. Mwalimu wake aliniita akaniuliza, "Mama, huyu mtoto analala saa ngapi?" Nilikosa la kusema. Mwaka huu yuko kidato cha pili, ana mtihani wa taifa mwezi Novemba, katikati ya msimu. Kaka yake wa miaka 17 yuko kidato cha nne, naye ana mtihani Novemba, kwa hiyo huyo tumemwachia asome, hatumsumbui.

Mama, kuna jambo sijamwambia mtu. Kazi hii naitaka. Nikiwa pale kwenye mizani, mzee wa miaka sabini akinipa gunia lake na kuniamini bila kuangalia sindano, najisikia nimezaliwa kwa ajili ya hilo. Halafu nafika nyumbani nakuta binti amelala na daftari kifuani, taa ya sola imekwisha chaji, najiona mwizi. Je, nigombee au niache? Nitakuwa nimevunja desturi ya kwetu? Na mama anayewaachia watoto nyumba ili akaongoze watu wengine ni mama wa namna gani?

Mama wa watoto wanne, Newala

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilianzia chini, pale uliposema kazi hii unaitaka. Uliliweka mwisho kama mtu anayeungama, wakati mimi naona ndilo la kwanza. Umeandika kurasa nzima ukieleza wanachama wanavyotaka, mjomba anavyokataa, mume anavyonyamaza, mama anavyouliza. Kutaka kwako wewe ulikuficha kama fedha kwenye pindo la kanga. Naomba tukiweke mezani pamoja na mengine, maana kukitaka kiti cha kuwatumikia watu si aibu. Wanaume wanaogombea hatuwaulizi kama wanakitaka. Tunajua wanakitaka, na hatuwahukumu kwa hilo.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyofungwa kwenye furushi moja. La desturi, la mume, na la binti. Nadhani hayana uzito sawa, na pengine lile unaloliogopa zaidi silo zito kuliko yote.

Nianze na desturi. Unauliza kama utaivunja. Nami nauliza, ipi? Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii Nachingwea, Lindi na Masasi mpaka nimestaafu, na ukanda wetu huu sijawahi kuusikia ukiwa na sauti moja. Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, wote kwa asili wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa kwao mama yake, mume ndiye anayehamia, kama wako alivyohamia. Wamakua wana mama mkubwa wa ukoo wanayemwita apwiyamwene, na mwenye ukoo hakati jambo kubwa bila neno lake. Kwa Wayao kuna mbumba, yaani dada na watoto wao, na kaka mkubwa ndiye mlezi wao. Huyo kaka ndiye mjomba wako. Kwa hiyo kwetu mwanamke amekuwa shina la ukoo, ila mara nyingi anayesimama kusema mbele ya watu ni kaka yake. Sitaki nikupambie mambo ya zamani. Wajomba walikuwa na nguvu, na si wote waliitumia kwa upole.

Lakini tazama hiyo mikorosho yenyewe. Mbegu yake ilitoka Brazili, ikaletwa pwani yetu na Wareno karne ya 16, ikaja kuwa zao kubwa la fedha huku kwetu karne ya 20. Kabla ya hapo mtu alilima shamba lake la mhogo na mtama, udongo ukichoka anahama. Cha kurithi kilikuwa kidogo, na kilichokuwepo kilielekea kwa wapwa, watoto wa dada. Mkorosho ukishika unasimama miaka arobaini na zaidi. Mwanamume aliyeupanda akaanza kujiuliza kwa nini jasho lake liende kwa mpwa na watoto wake wakose. Dini nayo ikawa na hesabu yake ya mirathi. Ikaja Operesheni Vijiji mwaka 1974, watu wakahamishwa kutoka ardhi za koo zao. Leo wewe una shamba la mama na mumeo ana shamba lake la kupanda, na wote wawili mnategemea watoto wenu warithi. Babu zenu wangeshangaa. Hakuna aliyetangaza kwamba desturi imevunjwa. Watu walikaa, wakabishana, wakaoana, wakapanda miti, ikageuka mikononi mwao.

Na ghala? Mfumo wa stakabadhi ghalani, huu wa kuweka mzigo ghalani kwa risiti mpaka uuzwe mnadani, ulianza kwenye korosho huku Mtwara mwaka 2007. Wewe ulikuwa mtu mzima. Sidhani kuna mhenga aliyeacha wosia kuhusu nani asimamie mizani ya chama cha msingi.

Sikuambii haya ili ukamwambie mjomba. Ukimwambia mzee mbele ya watu kwamba desturi anayoilinda ni changa kuliko mpwa wake, utashinda mabishano na utampoteza yeye. Nakuambia ili ujipunguzie mzigo. Na ningependa urudie maneno yake taratibu: "Watamshika nani? Watakuja kwangu." Na tena: "Ghalani usiku unaye nani?" Mimi hapo nasikia hofu ya mzee ambaye kwa mila ndiye anayelipa deni la mtoto wa dada yake na ndiye anayekwenda kumtoa polisi. Huo ndio ujomba. Neno la unyago na ghala huenda ameliweka mbele kwa sababu mwanamume wa umri wake hawezi kusema "naogopa" kwa mpwa wake.

Hofu yake haikosi msingi, mdogo wangu. Kiti hicho kina mwiba. Nakumbuka msimu wa 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba mzigo. Kuna wakulima waliosubiri fedha zao miezi, na mwenyekiti mmoja ninayemfahamu alikuwa anaamshwa usiku na watu wenye ada za shule za kulipa. Kosa halikuwa lake, lakini mlango waliojua kuugonga ulikuwa wake. Upotevu ukitokea, jina la mwenyekiti ndilo la kwanza kuandikwa, awe mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo mwulize mjomba, kwa adabu, ni jambo gani likifanyika atalala usingizi. Huenda atasema ukaguzi ufanyike kabla hujakabidhiwa kitu. Hilo lina njia yake, lipo shirika la COASCO linalokagua vyama vya ushirika, na afisa ushirika wa wilaya anajua pa kuanzia. Huenda atasema usilale ghalani, mlinzi alipwe. Huenda atataka awepo siku ya makabidhiano, akae kwenye kiti, aone. Kwa mzee hilo si dogo.

Kuna jingine kuhusu kiti hiki linalonipa wasiwasi, na kwenye barua yako sikuliona. Wanachama wanakuita sasa kwa kuwa chungu kimeshaungua. Mambo yakiwa mazuri, mwanamke mara nyingi hakumbukwi. Hesabu zikichafuka watu husema, "Tumpe mama, wanawake ni waaminifu." Ni sifa, nami naamini wale arobaini walikuja kwa moyo. Lakini uaminifu wa mtu mmoja hauzibi tundu la watu wanane. Uliza nani wengine watakaa kwenye bodi hiyo. Wewe peke yako mwanamke? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilipounda baraza la ardhi la kijiji la watu saba, ilitaka watatu wawe wanawake. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya vijiji, nimeona mwanamke mmoja katikati ya wanaume saba. Huwa anaombwa aandike muhtasari na aangalie chai.

Sasa mumeo.

Umesema mengi mazuri juu yake na ninayaamini. "Sikukatazi" lakini ni neno gumu. Halizuii na halibebi. Linakuacha uende peke yako, na siku mambo yakiharibika yeye hakuwepo. Inawezekana ana maana hiyo. Inawezekana pia hana maneno mengine. Hebu fikiri anakaa wapi. Nyumba iko kwenye kiwanja cha mama mkwe. Wakubwa wa ukoo wanaopita uwanjani ni wako. Chake mwenyewe kijijini hapo ni zile ekari tano na pimamaji yake na pipa la saruji. Msimu ukifika anabeba korosho za ekari zake tano anazipeleka kwenye mizani, na kwenye mizani amesimama mke wake. Kesho mke huyo huyo ndiye mwenyekiti. Huko kijiweni wanamwambia nini? Je, wewe uliwahi kumwuliza wanamwambia nini? Sisemi ujipunguze ili yeye aonekane mrefu. Nasema pale gizani barazani huenda kuna mtu aliyeona aibu, naye hakupata wa kumwambia kwa sababu anayemwambia mambo yake yuko ghalani.

Na hilo la mizani lina upande wake wa kazi, si wa ndoa tu. Kama mwenyekiti, korosho za mumeo na za ndugu zako zote zitapita kwako. Watu uliowasomea daftari hawajasahau. Kabla hujaanza, tamka mbele ya mkutano nani atapima mzigo wa nyumba yako, na uwe mtu asiyekula kwenye meza yako.

Lakini nina swali moja kuhusu mumeo, nalo nalileta kwa upendo. Umeandika kwamba hajui kupika. Umeandika pia kwamba anakaa kwenye kazi Masasi wiki mbili hadi tatu. Huko anapikiwa na nani? Mafundi ninaowafahamu wanapika wenyewe, tena wanasonga ugali wa watu sita kwenye sufuria moja na mboga ya dagaa. Huenda ananunua kwa mama lishe, sijui. Ila kama mikono yake inapika Masasi na haipiki Newala, basi kinachomzuia hakiko mikononi. Kiko machoni mwa watu wa uwanja ule, mama mkwe akiwa mmojawapo. Na hapo mama yako, kungwi anayeheshimika, anaweza kukusaidia kuliko mtu yeyote. Mkwe akionekana jikoni, watu watamtazama mama mkwe kwanza kabla hawajacheka. Asipocheka yeye, wachache watathubutu.

Nimefika kwa binti, na hapa naomba uniwie radhi, kwa kuwa nitakuonyesha kitu ulichoandika mwenyewe.

Uliandika kwamba binti ana mtihani wa taifa Novemba. Sentensi inayofuata ukaandika kwamba kaka yake naye ana mtihani Novemba, "kwa hiyo huyo tumemwachia asome." Mwezi mmoja, watoto wawili, mitihani miwili. Mmoja ameachiwa asome, mwingine amepewa madumu. Sikulaumu. Mkono wako uliandika haraka kwa sababu kwenye nyumba nyingi za kwetu jambo hilo halihitaji kufikiriwa. Mimi mwenyewe nimelea wavulana wawili na msichana mmoja, na nikikumbuka nani alikuwa anaamka kwanza naumia. Kidato cha nne kina uzito wake, nakubali, cheti kile kinafungua na kufunga milango. Ila na huu wa kidato cha pili asipofaulu anarudia mwaka, na wewe na mimi tunajua msichana anayerudia mwaka kijijini anaanza kuulizwa maswali gani.

Kwa hiyo uliposema unajiona mwizi, nilijiuliza aliyeibiwa saa zake ameibiwa na nani. Umejishitaki peke yako. Mumeo alikuwa barazani. Kijana wa miaka 17 alikuwa chumbani. Bomba lilikuwa kavu. Vijiji vya huko juu, kwenye uwanda wa Makonde, havina mto wala kisima cha karibu, ndiyo maana kuna mradi wa maji wa Makonde unaosukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu, na mashine zikisimama, kinachotembea ni miguu ya wanawake na wasichana. Yote hayo umeyakusanya ukayaita kosa la mama anayechelewa kurudi. Swali la mama yako lilikuwa "maji atachota nani?" Wewe ulilisikia kama "wewe kwa nini huchoti?" Sina hakika kama ndivyo alivyouliza. Mrudie umwulize alimaanisha nini.

Kazi ya nyumba ni kazi. Mwaka 1983 Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Silitaji kwa habari ya talaka, Mungu apishe mbali. Nalitaja kwa sababu kama kupika na kulea kunahesabika mbele ya majaji, basi kunaweza kuhesabiwa na nyinyi mkiwa mmekaa kwenye mkeka. Hesabu saa. Kaa usiku mmoja na lile daftari lako la pembeni, uandike kama ulivyoandika magari: nani anaamka saa ngapi, anafanya nini, analala saa ngapi. Watoto, wewe, mumeo. Usimsomee mtu kwa sauti kama ulivyofanya kwenye mkutano. Liweke tu, kila mtu aone.

Kuhusu kugombea, njia ninazoziona si mbili. Unaweza kugombea sasa. Watu wako moto, daftari lako bado liko vichwani mwao, na msimu mwingine ukipita huenda wakarudi wale wale. Hatari yake ni Novemba hii, na Novemba haitasubiri mpaka mumeo ajifunze kuinjika chai. Ukichagua hiyo, mipango ya maji na jioni ingefaa iwe imeshafanya kazi kabla ya msimu, ijaribiwe hata Julai na Agosti wakati watu wanapulizia dawa. Ahadi ya mdomo Oktoba haitakusaidia. Sehemu ya posho inaweza kumlipa mtu alete maji kwa baiskeli siku za mnada, ingawa utakuwa umepoteza malipo ya ukarani, kwa hiyo piga hesabu vizuri usije ukajikuta unakopa ili uongoze.

Unaweza pia kuomba ujumbe wa bodi na kumwacha mwingine akae mbele. Safari zitapungua na macho yako bado yatakuwa kwenye hesabu. Lakini jiangalie. Mjumbe anayejua kuliko mwenyekiti mara nyingi anaishia kufanya kazi ya mwenyekiti bila jina lake, na wewe umeshafanya kazi nyingi zisizo na jina. Au unaweza kubaki karani mwaka huu, watoto wamalize mitihani, ugombee baadaye. Nimeona wanawake waliosubiri wakafika. Nimeona wengi zaidi ambao baada ya mtihani wa huyu kulikuwa na mtihani wa yule, kisha kuuguza mzazi, kisha mjukuu. Unapowaza kusubiri, jiulize unasubiri kitu gani hasa, na kama kina tarehe.

Ukiniuliza ni mama wa namna gani, siwezi kujibu kwa kuwa hukai kwangu. Yuko mmoja anayeweza, na katika barua yote hujaandika neno lake hata moja. Mwalimu amesema, mjomba amesema, mama amesema, mumeo amesema neno lake moja. Binti wa miaka 15 aliyekusubiri usiku mpaka taa ikaisha chaji hajaulizwa. Tumedhani sote kwamba anaona ameachwa. Inawezekana. Inawezekana pia siku ile uliposoma daftari, yeye alikuwa amesimama nje kwenye dirisha la ofisi ya chama na wenzake, akasikia kila kilo.

Kabla hujazungumza na mumeo, na kabla mjomba hajarudi na mkongojo wake, jioni moja nendeni bombani wawili, wewe na yeye, kila mtu na dumu lake. Usimwulize kama amekubali ugombee, huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto. Mwulize msimu uliopita ulikuwaje kwake, kisha unyamaze, umwache aseme mpaka amalize. Halafu niandikie tena. Ningependa sana kujua alichokuambia.